Steringi Anafanya Kazi Gani?

Mimi si mhakiki. Sikusomea sanaa za maonyesho wala sina shahada ya fasihi. Mimi ni mtazamaji tu, mtu wa kulipa kiingilio, kukaa kwenye benchi na kuangalia picha mpaka mwisho, halafu njiani nabishana na wenzangu. Nimezaliwa Same, nimekulia Same, na karibu picha zote za utoto wangu niliziona katika kibanda kimoja cha mabati ambacho hakikuwa mbali na stendi ya mabasi. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni maoni ya mtu wa benchini. Anayetaka nadharia akazitafute kwa wenye nadharia zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sisi hatukuwa na jumba la sinema. Wazee waliobahatika kutembea walitusimulia habari za majumba ya Tanga na Moshi, viti vya kukunja, pazia linafunguka, tiketi mkononi. Sisi tulikuwa na deki moja, televisheni moja na jenereta iliyokaa nje ikinguruma kama inadai deni. Watoto tulilipa shilingi 50, wakubwa 100. Upepo wa Same mnaujua. Ukivuma, mabati yanapiga kelele kuliko bunduki za Rambo, na mwenye kibanda anaongeza sauti mpaka spika inakwaruza.

Mle kibandani alikuwepo mzee mmoja mpakiaji. Kazi yake ilikuwa kupakia jasi kwenye malori kule Makanya, na jioni nyingine alikuja na vumbi lake jeupe bado liko kwenye nyusi. Alikuwa na tabia moja iliyowakera wengi. Picha ikifika katikati, pale mambo yanapoanza kunoga, anauliza kwa sauti, "Sasa huyu steringi anafanya kazi gani?"

Tulicheka. Wengine walimzomea, "Mzee, wewe angalia picha bwana!" Na mimi nilizomea, sikatai. Kwetu sisi steringi alikuwa na sifa mbili tu, kwamba anapiga ngumi na kwamba hafi. Habari ya kazi ilitoka wapi? Imenichukua miaka mingi kukubali kwamba katika kibanda kile mhakiki alikuwa mmoja tu, na ndiye yule tuliyekuwa tunamzomea. Swali lake nimelibeba mpaka leo. Kila nikiangalia filamu au tamthilia linanijia, na nimegundua kwamba linachambua mambo mengi kuliko maneno kama fani na maudhui tuliyokaririshwa shuleni.

Hebu tuanze na picha ambazo mzee hakuuliza swali.

Chukua Commando, ya mwaka 1985. Kabla Arnold Schwarzenegger hajashika bunduki hata moja, tunamwona akitembea na gogo la mti begani, kisha anapasua kuni. Siku ile mzee alisema tu, "Huyu analijua shoka." Akanyamaza. Baada ya hapo Schwarzenegger aliua jeshi zima peke yake, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hawezi kuliamini, na kibanda kizima tuliliamini. Kwa nini? Mimi nasema ni kwa sababu ya lile gogo. Sisi ni watu wa milimani, uzito wa gogo tunaujua. Mtu ukishamwona akibeba kitu ambacho uzito wake unaujua begani mwako, unakuwa tayari kumkopesha imani kwa hayo mengine.

Picha za Kihindi ndiyo usiseme. Mother India ni ya mwaka 1957, lakini ule mkanda ukiwekwa Jumapili mchana hata akina mama walioshuka na ndizi zao walikuwa wanachungulia mlangoni. Nargis, mama aliyebaki na watoto na deni, anavuta plau kwa mwili wake mwenyewe, kazi ya ng'ombe. Kihindi hakuna aliyekijua mle ndani, na kwa plau hakuna aliyehitaji mkalimani. Sholay ya 1975 ina majambazi, ina urafiki, ina kila kitu, lakini kinachonifanya nimkumbuke Basanti, yule aliyechezwa na Hema Malini, ni kwamba anaendesha gari la farasi, tena anaendesha huku anaongea na abiria bila kupumua, kama kondakta wa basi la Moshi. Na Coolie ya 1983, ambamo Amitabh Bachchan ni mpagazi wa stesheni, hiyo mzee wetu aliiomba irudiwe. "Mpakiaji mwenzangu," alisema, na safari hiyo sisi ndio tuliokaa kimya.

Angalieni basi. Picha hizi zinatoka mbali na zina uongo mwingi. Watu wanaruka ghorofa, wanaimba dakika saba mahali ambapo mtu mwingine angekimbia. Lakini katikati ya uongo huo kuna mtu anafanya kazi ambayo tunaiona kwa macho.

Sasa tuje nyumbani.

Televisheni ya ITV ilianza mwaka 1994, na baadaye maigizo ya Kaole yakawa ndiyo mjadala wa nchi. Kwetu, nyumba yenye ungo ilijaa watoto mpaka mwenye nyumba anatuhesabu. Kutoka Kaole wakaja watu waliotengeneza kile tunachokiita Bongo Movie: Vincent Kigosi, yaani Ray, Blandina Chagula tuliyemzoea kwa jina la Johari, na Steven Kanumba. Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend ya George Tyson, TID yumo, Monalisa yumo, na vijana wanahangaikia muziki. Baadaye ikaja Johari na mafuriko yaliyofuata. Tulijivunia, nasema kweli. Mara ya kwanza kumsikia steringi akiongea Kiswahili chake mwenyewe, bila mtu wa kumtafsiria juu ya mkanda, ilikuwa kama kusikia jina lako kwenye salamu za redio.

Lakini baada ya filamu ya kumi, ya ishirini, nikaanza kumsikia mzee. Maana filamu zilianza kufanana. Geti. Gari linapiga honi. Mlinzi anafungua. Sebule, sofa, jagi la juisi. Mama analia. Baba mwenye suti anaangalia saa, anasema anachelewa ofisini. Ofisi hatuioni, na tukiiona kuna meza, kompyuta iliyozimwa, na sekretari ambaye kazi yake ni kutongozwa. Anauza nini huyu baba? Anatengeneza nini? Hela ya geti imetoka wapi? Hatuambiwi. Maskini naye hana kazi, kazi yake ni kuwa maskini. Anakaa mlangoni, anashika tama, anasubiri hadithi imkute. Katika nyumba nzima anayefanya kazi ni dada wa kazi peke yake, naye anapita nyuma ya sofa na trei, hana jina, na akipewa jina ujue baba ameanza kumtamani.

Nisieleweke vibaya. Simdharau mtu. Najua filamu hizi zilipigwa kwa hela kidogo na kwa siku chache, katika nyumba ya kuazima ambayo mwenyewe anataka mje mwondoke. Sebule moja ina umeme, ina kivuli, haina mvua, na watu wawili wakikaa kwenye sofa wanaweza kuongea dakika kumi bila kamera kusogea. Msambazaji naye alitaka sehemu ya kwanza na ya pili, kwa hiyo mazungumzo yalivutwa kama ubuyu wa mpira. Hayo yote nayakubali. Tarehe 7 Aprili 2012, Kanumba alipofariki, nilikuwa stendi, na niliona makonda wamesimama na simu masikioni, basi halijai na hakuna anayeita abiria. Filamu ambazo hazina maana haziwezi kuwafanya watu wasimame namna ile. Zilitugusa. Ninachosema ni kwamba zilitugusa kwa machozi peke yake, na mtu ana viungo vingine.

Hoja ya hela nayo ina mwisho. Mpakiaji wa jasi yuko pale Makanya kila siku. Hahitaji kujengewa jukwaa. Akina mama wanachimba tangawizi kule Mamba na Myamba msimu ukifika, na kazi ile ukiiona mara moja huisahau, tope mpaka magotini, harufu inakukamata puani kabla hujafika shambani. Vijana wanakimbia na ndoo na trei kandokando ya mabasi yanayopita kwenda Arusha, na basi likianza kutembea chenji bado iko mkononi mwa mmoja kati yao. Hapo kuna mbio, kuna hesabu, kuna uaminifu na wizi katika sekunde kumi. Geti linakodiwa. Hivi vingine vinataka ruhusa, subira na macho.

Tatizo jingine, na hili linatuuma sisi wa huku, ni pale filamu zinapoamua kutoka Dar es Salaam. Zikipanda mlima, zinapanda kwa sababu mbili tu. Ama mtu ameshindwa maisha, anarudi kijijini kuugua na kufa, ama anamfuata mganga. Mlima ni mahali pa kutubu au pa kuloga. Na kwenye vichekesho Mpare ni bahili, ndiye yule anayeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani huo sina ugomvi nao, hata nyumbani tunataniana. Ila mwandishi mwenye akili angeuliza. Ng'ombe yule alifugwa miaka mingapi? Nani alikuwa anamkatia majani na kuyabeba kichwani? Kuku alikuwa wa nani hasa? Mtu anayekubali kumpoteza ng'ombe kwa ajili ya haki ya kuku ana hadithi kubwa kuliko mwenye suti anayechelewa ofisini.

Tulishachezewa hivyo na wageni. Mwaka 1962 ilitoka Hatari! ya Howard Hawks, John Wayne ndani yake, imepigwa hapahapa Tanganyika, upande wa Arusha. Niliiona nikiwa mtu mzima. Picha ile inaonyesha kazi kwelikweli. Jamaa wanakamata wanyama wa kuuza kwenye bustani za wanyama za Ulaya na Marekani, gari linamkimbiza faru, kamba inarushwa, vumbi linatimka, na unaamini kila kitu. Lakini anayefanya kazi yenye jina ni Mzungu. Waafrika wanashika kamba, wanasukuma, wanapakia, na hadithi haiwajui. Nikamkumbuka dada wa kazi na trei yake. Ule mpangilio ni uleule, sisi tumebadilisha vazi tu.

Wapo lakini waliofanya vizuri, na ni haki tuwataje.

Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ni fupi, haifiki saa moja. Mwanamke anaumwa, hospitali haimsaidii, anapelekwa kwa mganga wa jadi. Mganga huyu hatoi macho wala hacheki kicheko cha shetani. Ni tabibu aliye kazini. Anachukuliwa kwa heshima ileile anayopewa mtu yeyote mwenye ufundi wake. Miaka yote hiyo imepita na bado waganga wengi wa filamu zetu hawajamfikia yule.

Amil Shivji naye simfichi, nampenda. Filamu yake fupi Shoeshine, ya 2013, inauangalia mji kutoka kwa mng'arisha viatu, yaani kutoka chini, na ukikaa chini unaona soli za watu wote. T-Junction, iliyofungua tamasha la ZIFF Zanzibar mwaka 2017, ina wachuuzi wa njia panda ambao riziki yao ndiyo hadithi yenyewe. Halafu Vuta N'kuvute ya 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa 1999. Wengi wanaisifu kwa mapenzi ya Yasmin na Denge na kwa uzuri wa picha zake. Mimi nilichokipenda ni kwamba Denge hapingi ukoloni kwa kutoa hotuba sebuleni. Kupinga ukoloni ni kazi, ina makaratasi ya kubeba, ina usiku wa kukesha, ina watu wa kuwaamini na wa kuwaogopa.

Kwenye televisheni nako mambo si mabaya yote. Mnaikumbuka Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoonyeshwa ITV? Ilianza kwao mwaka 1998 katika mji wa mgodi wa dhahabu. Watu walikuwa wanashuka chini ya ardhi, kwa hiyo hata walipogombana juu ya mapenzi ulijua kesho asubuhi mmoja wao anaweza asirudi juu. Mwaka 2011 TBC ikatuletea Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mtaani kwetu walisema Wachina hawatapendwa, wana majina magumu. Baada ya wiki mbili shangazi zangu walikuwa wanamjadili Doudou kama binti wa jirani. Mkwe ni mkwe, hilo kweli. Lakini pia Doudou ni muuguzi, anarudi nyumbani miguu inamuuma, halafu ndipo mama mkwe anaanza. Ugomvi wa mama mkwe na mtu aliyechoka si sawa na ugomvi wa mama mkwe na mtu aliyeshinda kwenye sofa.

Na ya kwetu wenyewe, Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa 2012. Cheche ni mpiga picha pale Bagamoyo. Ana studio, ana wateja, na hulka yake tunaijua kwa namna anavyowaangalia watu kupitia kamera. Udhaifu wake kwa wanawake unaingilia mlango wa kazi yake. Mwandishi hakuhitaji kutuambia kwamba Cheche ana tamaa. Tulimwona akiwa kazini. Miaka ya karibuni kwenye ving'amuzi tumepata Huba, tumepata Kapuni na Jua Kali za Lamata, na saa ya tamthilia ikifika usimpigie mtu simu. Picha zimekuwa safi, sauti inasikika, waigizaji wamekomaa, hongera zao. Ombi langu kwa wanaoandika tamthilia za namna hii ni lilelile la benchini. Wakati wa kuandika tukio linalofuata, muulizeni mhusika wenu asubuhi alikuwa anafanya nini.

Nina rafiki yangu, naye anaandika, ambaye hoja hii anaikataa kabisa. Anasema, "Wewe unakosea. Mtu ametoka kupakia jasi kutwa, unataka umwonyeshe jasi? Analipa mia yake aone sofa. Sinema ni ndoto." Nimemfikiria sana huyu rafiki yangu, maana hoja yake ina ukweli. Hata mimi sofa nazipenda. Lakini namjibu kwa ushahidi wa kibandani. Yule mzee alikuwa amelipa mia yake, na aliyeomba arudiwe ni mpagazi wa stesheni. Ndoto aliitaka, ila alitaka aingie mle ndani akiwa yeye, na mabega yake. Ukimwonyesha nyumba ambayo haijulikani imejengwa kwa jasho la nani, yeye utamwacha getini.

Sasa naomba nikiri jambo, maana si vizuri kuwanyooshea wengine kidole wakati changu kina wino.

Miaka michache iliyopita niliandika mswada wa filamu. Ulihusu kijana wa Myamba anayeteremsha tangawizi mpaka barabarani, na dalali anayemzungusha bei. Niliupeleka Dar es Salaam kwa mtayarishaji mmoja. Jina lake tuliache. Aliusoma mbele yangu, kurasa nne hivi, akaniambia, "Dogo, hadithi yako nzuri. Lakini nyumba iko wapi?" Nikamwuliza nyumba gani. Akasema, "Nyumba. Watu wakae wapi waongee?" Nilirudi Same na basi la usiku nikiwa nimeshakata shauri. Ndani ya mwezi mmoja yule kijana wa tangawizi akawa mtoto wa tajiri wa Mbezi Beach, dalali akawa baba wa kambo, na tangawizi ikabaki kwenye chai. Mswada wa kwanza nikauweka chini ya godoro.

Nilijiona fundi. Jioni moja nikamsomea mama yangu ule mpya, tukiwa jikoni anachambua maharage ya makande. Alisikiliza kwa adabu, kama wazazi wanavyosikiliza. Nilipomaliza akasema, "Nzuri, mwanangu." Halafu akachambua kidogo, akauliza, "Ila huyu baba yake, akitoka asubuhi anakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliandika kurasa 60 na sikujua yule mtu anakwenda wapi.

Ndiyo maana naandika haya, na ndiyo maana nayaleta kwenye jarida hili la vijana na si kwingine. Wengi wetu tunaosoma kurasa hizi tuna mswada chini ya godoro. Wengi tumeshaambiwa tuweke nyumba. Na tatizo si mtayarishaji peke yake, yeye anafuata soko. Tatizo ni wepesi tunaoubomoa nao mlima tulioubeba vichwani ili tujenge geti ambalo hata hatujawahi kulifungua.

Niwape mfano mmoja wa hadithi iliyolala hapa nyumbani. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakaja hapahapa Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu alikadiriwa kwa mali yake. Hawakuja na bunduki. Walikuja wakakaa. Wanawake nao wakaingia, wakaandamana. Mvutano ukaendelea mpaka Waingereza wakaiacha kodi ile. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa hukuhuku Upare, aliandika kitabu kizima juu ya mbiru, kilichotoka mwaka 1971. Mtu anayetaka kujua atakipata maktaba.

Sasa mpe hadithi hii mwandishi wa sebuleni. Ataandika bwana shauri akiwa mezani, viongozi wakitoa hotuba, na binti mzuri wa kupendwa na tarishi. Mpe yule mzee wa jasi. Atauliza, watu wote hawa wamekaa kwenye jua la Same, wanakula nini? Nani alipika? Unga ulishuka mlimani begani mwa nani, na waliobaki juu mashamba walilima vipi? Maji yalichotwa wapi katika mji mkavu kama huu? Mtu akisema nimechoka, narudi nyumbani, nani alimwambia kaa? Hapo ndipo filamu ilipo. Hotuba ni dakika tano, na kukaa ni siku nyingi, tena kukaa kule kulifanyiwa kazi na watu ambao majina yao hayamo kwenye mafaili ya bwana shauri.

Mzee wetu alishatangulia mbele ya haki. Kibanda kilivunjwa, sasa pana duka la vifaa vya simu, na vijana wanaangalia filamu viganjani wakiwa wanasubiri abiria. Mswada wa tangawizi nimeutoa chini ya godoro. Panya wameula pembeni, lakini unasomeka. Nimeanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, asubuhi, kijana anafunga gunia, na nimekwama mahali pamoja. Sijui vizuri namna wanavyolifunga gunia ili lisikatike kwenye mteremko. Kwa hiyo Jumamosi hii napanda Myamba kuuliza.

Wewe mwenzangu unayeandika, uko Mwanga, Korogwe, Temeke au popote, fungua mswada wako leo uutafute ukurasa ambao mtu wako anafanya kazi. Ukiukosa, tuandikie tubishane.